Barua ya Riziki

Sheria ilimtaka kila rubani wa kikosi cha mzingiro adondoshe zawadi ya mtoto mara moja kwa wiki katika mji uliozingirwa, kisha asome barua ya shukrani mbele ya familia yake. Kazi ya Mshamu siku nyingine ilikuwa kuzuia malori yasiingie katika mji huo.

Ijumaa ile droni ya posta ilileta barua ya msichana aitwaye Riziki. Mshamu aliisoma mezani, mkewe Sikudhani akimimina chai.

"Mjomba rubani, asante kwa peremende. Nimempa mdogo wangu zote." Akaikunja.

"Baba, umeruka mistari," alisema binti yao Zuwena, aliyesimama nyuma ya kiti.

"Mwandiko hausomeki, mwanangu."

"Unasomeka." Zuwena aliichukua, akasoma taratibu: "Amezinyonya ili asahau kiu. Malori ya maji hayaji tena. Tafadhali waombe wanaoyazuia wayaache yapite."

Sikudhani aliweka birika chini.

"Hajui kwamba ni wewe?" Zuwena aliuliza.

"Hajui."

"Basi mwandikie."

Alimsogezea kalamu. Mshamu aliandika jina la Riziki huku mkewe na bintiye wakimtazama. Halafu aliandika kwamba wiki ijayo ataleta peremende nyingi zaidi.

Zuwena alisoma jibu hilo hadi mwisho. Kisha alibeba kikombe chake, akaenda kunywea chai jikoni.