Tawi Juu ya Mlango

"Krismasi ni ya wapagani!" Yeremia alifoka, akilinyooshea kidole tawi la msonobari lililobandikwa pamba, ambalo jirani yake Bi Perusi alilipachika juu ya mlango. "Siku hii watu waliabudu jua, Yesu hata hajazaliwa! Mhubiri wetu katufundisha."

"Basi jua si hilo hapo juu, liabudu," alijibu Bi Perusi, na wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu barazani wakaangua kicheko. "Na ule mti wa Krismasi wa wanao uliouchoma juzi, Baba Tito, ulikukosea nini?"

Kicheko kikakatika. Mtaa mzima ulijua kwamba moto ule haujazimika sawasawa, mkewe akawafungasha watoto, akaenda kwao. Simu hapokei.

Yeremia alitafuta aya ya kumjibu. Kilichomjia ni Tito, mwanawe, akichakura majivu kwa kijiti, akiitafuta nyota yake ya bati.

"Umekula lini mara ya mwisho?" Bi Perusi aliuliza, safari hii kwa upole.

Yeremia akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

"Ingia ule, baba. Tutabishana ukishashiba."

Wanawake wakakunja miguu kumpisha. Yeremia akavua ndala moja, akabaki amesimama mlangoni, chini ya lile tawi.