Isale la Msamaha

Mngurumo wa katapila ulimfikia Elimringi kabla hajaiona migomba ya kihamba, shamba la ukoo, cha bibi mmoja aliyekuja kumwomba radhi. Mkononi alishika jani la isale, la kuombea msamaha.

Alama za vidole alizowachukua wazee kwa ajili ya utafiti wake wa mfereji uliokauka, wakubwa waliomtuma walikuwa wamezigeuza ridhaa ya kuuza ardhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, msomi wetu." Akalipokea jani kwa kidole gumba kilekile alichokichovya kwenye wino. "Isale halikataliwi, mjukuu wangu. Mimi nimekusamehe. Mume wangu kamwombe mwenyewe."

Katapila lilikuwa limeshaligeukia kaburi la mumewe, pembeni ya migomba. Elimringi akakimbia, akapiga magoti juu yake, akaushika udongo mkavu.

"Babu," akasema kwa sauti, "hawakugusi kabla hawajanikanyaga mimi."