Mlango wa Bi Mwanahawa

Ukimpangisha mdaiwa sugu, mlango wako hugeuka mwekundu, na kila anayeingia kwako hupunguziwa alama za uaminifu. Zulfa, aliyekuja kuomba chumba kwa Bi Mwanahawa, hakuficha kitu. "Mama, mikopo ilinishinda. Nikihamia kwako nitakuponza."

Bi Mwanahawa alikuwa bado anatafuta maneno ya upole ya kumkatalia, mvua ikaanza. Zulfa akaliacha begi lake lilowe, akakimbilia kuanua kanga za mwenye nyumba.

"Ingia ndani, mwanangu, utaumwa!" Bi Mwanahawa akasema akicheka. "Chumba chako ni kile cha uani."

Asubuhi mlango ulikuwa mwekundu. Binti wa Bi Mwanahawa, ambaye kila siku humletea mbaazi wakanywa chai pamoja, aliliacha bakuli barazani akaondoka bila kupiga hodi. Mbaazi zilikuwa bado za moto.

"Zulfa, njoo tule," Bi Mwanahawa akaita, macho yake yakiwa njiani.