Kona ya Chini, Kulia

Hermenegildi aliugonga mlango wa nyuma wa gari kwa ngumi hadi tope likamrukia kwenye shati.

"Wiki mbili unanichezea, Severini. Kona ile ile."

Severini, fundi, alitoka chini ya trekta akifuta mikono kwenye kaptula. "Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako iweke hapo kwanza. Waipa inapita kioo chote vizuri. Ikifika kona ya chini, upande wa kulia, inaruka kama mbuzi aliyeona maji."

Ilikuwa masika, na barabara za Ifakara zilikuwa uji. Gari la zahanati ya parokia lilirudi kila jioni limepakwa tope hadi juu. Kwa dereva mwingine kioo cha nyuma kisingekuwa jambo kubwa. Lakini Hermenegildi alivusha wagonjwa kutoka upande wa Ulanga, na pale kivukoni magari huingia kwenye pantoni kinyumenyume. Anayerudi nyuma bila kuona, anarudi mtoni.

Juzi alimgonga mama mmoja aliyesimama pale na kapu la perege. Mama alianguka akainuka, Mungu ashukuriwe. Samaki walirudi walikotoka. Watu walimzomea Hermenegildi, naye akawaonyesha kioo chenye tope, lakini nani anasikiliza kioo?

Padri Raimundi hakupaza sauti. Alisema tu, "Likitokea tena, funguo utampa Fidel."

Maneno hayo yalimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Alikuwa amezishika funguo hizo tangu gari la kwanza la parokia, wakati huyo Fidel akijifunza kupanda baiskeli.

"Mpira wa waipa nimebadilisha," Severini alisema. "Mkono wa waipa nimeupinda. Nikimwaga maji naona inafuta."

"Unaona ukiwa wapi? Wewe unasimama nje, nyuma ya gari. Mimi natazama nikiwa kwenye usukani. Umewahi kuendesha nini wewe, zaidi ya hilo toroli?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakacheka. Severini hakucheka.

"Na nikuambie kitu," Hermenegildi aliendelea, akijikuna shingo kwa ufunguo. "Mpira uliokuja na gari hili ulikuwa mzima. Leo uko kwenye gari la nani?"

"Mzee, hapo unaniita mwizi."

"Mimi nimekuita fundi. Mwizi umesikia wewe."

Benchi likacheka tena. Severini alitupa spana juu ya gunia.

"Mimi nakula kwa jina langu, mzee. Usinivunjie heshima mbele za watu."

"Na mimi nakula kwa nini?"

Hermenegildi alipiga hatua mbele, na beseni la maji likapinduka chini ya mguu wake wa kulia. Suruali ikalowa hadi gotini. Alilitazama beseni, kisha akamtazama fundi.

"Hata beseni unanitegea."

Kengele ya Malaika wa Bwana ikalia kanisani. Wote wakanyamaza, wakavua kofia. Hermenegildi alisali kwa sauti, amefumba macho, bila kuruka neno. Alifanya ishara ya msalaba, akafumbua macho, na hasira ilikuwa pale pale alipoiacha.

"Nakwenda kwa Merina kunywa chai. Nikirudi nikaikuta kona hiyo bado chafu, nakwenda moja kwa moja kwa Padri. Gari la zahanati halitakanyaga hapa tena. Na sababu sitaificha."

Severini alijua maana yake. Parokia ikiondoka, masista wataondoka, na baada yao wenye mashine za mpunga. Alichukua bisibisi.

Chai ilikuwa ya moto mno. Hermenegildi aliinywa hivyo hivyo. Mama Merina alimwambia mafundi ni watu wa kubembelezwa. Akamjibu kwamba kubembeleza kumekwisha, sasa umebaki ukweli. Njiani kurudi aliyapanga maneno ya kumwambia Padri. Alianza na uvivu, akaweka wizi katikati, akamalizia na roho za wagonjwa. Yalimpendeza, akayarudia.

Alilifikia gari kwa mbele. Fundi hakuonekana. Hermenegildi alipanda, akageuza ufunguo, akabonyeza swichi ya waipa na kugeuka kutazama nyuma. Mkono wa waipa ulikuwa ukienda na kurudi taratibu, bila ule mlio wake wa siku zote.

Aliuona uwanja wa gereji. Aliliona benchi na wale wateja wawili. Aliwaona ng'ombe wa Msukuma mmoja wakikatiza barabara, hata pembe zao. Kila kitu kiling'aa, isipokuwa kona ya chini, upande wa kulia. Pale palikuwa na lile doa la kijivu, chafu, kama tope lililokauka.

Hasira ilimpanda, na safari hii ilikuwa tamu, kwa sababu alikuwa na haki.

"Ndugu zangu, nyie ni mashahidi," aliwaambia wale wa kwenye benchi, akinyoosha kidole. "Kioo ndicho hicho. Tope ndilo lile. Hata kitambaa hakupitisha."

Wateja hawakucheka. Mmoja alisimama polepole.

"Severini," Hermenegildi aliita. "Njoo uione kazi yako kabla sijaondoka."

"Niko hapa, mzee."

Sauti ilitoka karibu, dirishani kwake. Hermenegildi aligeuka. Severini alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, ametoka bombani, na kifuani alikuwa amekumbatia kioo cha nyuma cha gari, kizima, kikidondosha maji. Hermenegildi aligeuka tena kutazama nyuma: mlangoni hapakuwa na kioo, na doa lilikuwa pale pale.