Shahidi wa Mama Funguo

Kinyozi alihama kabla mkataba haujaisha, na hakumuaga mwenye nyumba.

Mkataba ulikuwa wa mwaka. Aliondoka katikati, Jumapili asubuhi, mwenye nyumba akiwa ibadani. Akabeba kiti cha kuzunguka, kioo kikubwa na mashine zake mbili za kunyolea, akauacha ufunguo juu ya mlango. Hakuwa tapeli. Ng'ambo ya barabara ilifunguliwa saluni yenye televisheni na viti vya ngozi, na wateja wakamtoka kama nywele za mgonjwa.

Aliyemtia hofu ni mtu waliyempachika jina la Wakili. Huyu alikuwa fundi viatu, aliwahi kushtakiwa akashindwa, na tangu siku hiyo sheria zote za nchi alikuwa nazo yeye. Alimweleza kinyozi kwamba mpangaji akivunja mkataba, mwenye nyumba anamdai miezi yote iliyobaki, anakamata vifaa vyake, na asiporidhika anamtia ndani.

"Kiti chako kile ndicho cha kwanza," alisema. "Wenye nyumba wanapenda kukaa."

Kutiwa ndani hakukumsumbua sana kinyozi. Kilichomsumbua ni vifaa. Mama yake kijijini alikuwa anaanza kupoteza macho, na kinyozi alikuwa amemwahidi kumleta mjini atibiwe. Matibabu yale yangetoka kwenye mashine zile mbili, hayakuwa na pengine pa kutoka. Basi akaichomoa laini ya simu, akaitupa mtaroni asipatikane. Akishatulia, alijiambia, angenunua nyingine ampigie mama.

Alipata kibanda nyuma ya gereji. Mwezi haujaisha, akasikia funguo.

Mwenye nyumba wake walimwita Mama Funguo, kwa sababu ya lile furushi la funguo alilofunga kiunoni. Ulimsikia kabla hujamwona. Kinyozi alikuwa amemnyoa fundi magari nusu ya kichwa. Aliweka mashine chini, akapita dirishani.

Jioni fundi alimsimulia, kofia ikiwa kichwani mpaka kwenye masikio. Alisema yule mama alikuja kwa teksi, akauliza kwa upole. Kwenye siti ya nyuma alikaa mwanamke mwingine, mtu mzima. Hakushuka, na muda wote alitazama mbele tu.

Kinyozi alipeleka habari kwa Wakili.

"Shahidi huyo," Wakili alisema. "Mahakamani huendi peke yako."

Akahama tena. Kodi ya kuanzia kule alikokwenda aliipata kwa kuuza kiti, akawa ananyoa watu wamekaa kwenye kreti la soda. Mama Funguo akamfuata na huko. Kinyozi hakuelewa anajulikanaje, mpaka Wakili alipomwambia kwamba mama yule hafuati miguu, anafuata visogo. Ilikuwa kweli. Kinyozi alikuwa na mkono wake: kisogoni alimaliza kwa mstari mmoja ulionyooka kama rula, na mji mzima hakuna mwingine aliyeuweza. Kila aliyemnyoa alitoka na tangazo nyuma ya kichwa. Mama Funguo alikuwa anasimamisha wanaume barabarani, anawageuza, anauliza wamenyolewa wapi.

Kinyozi akaanza kunyoa vibaya kwa makusudi. Mikono ilimuuma kwa aibu. Akauza kioo, akahamia chini ya ngazi za nyumba ya wageni.

Hata kule walimfikia. Safari hii alijibana nyuma ya mapipa ya maji, magoti yakigusa kidevu, na kwenye upenyo aliona gurudumu la teksi na viatu vya Mama Funguo.

"Baba, najua upo," Mama Funguo alisema. "Toka tuzungumze. Nakuomba. Hatuna muda."

Kinyozi aliuma mkono wa shati lake. Hatuna muda, maana yake tarehe ya kesi imefika. Mama Funguo alisimama mpaka dereva akapiga honi, ndipo funguo zikasikika zikienda.

Baada ya hapo hakuja tena. Wakili alitikisa kichwa, akasema basi, wameshamhukumu bila yeye kuwepo.

Kinyozi anayenyoa vibaya, bila kioo, chini ya ngazi, hapati mtu. Aliuza mashine moja akalipa deni la chakula. Aliuza ya pili akala. Asubuhi iliyofuata alijitazama mikono, akaona hakuna tena cha kukamatwa ila yeye mwenyewe. Akaenda kwa miguu mpaka kwa Mama Funguo, akamkuta barazani.

"Mama, nimekuja," alisema. "Vifaa vimekwisha. Nipeleke ndani tu."

"Kwa kosa gani?"

"Ile kodi."

Mama Funguo alimtazama kama mtu anayetafuta pa kumshika.

"Chumba kile kilipata fundi cherehani juma lilelile ulilohama. Analipa yeye. Nikikudai na wewe, si nitakuwa nimepangisha chumba kimoja mara mbili?"

"Sasa yule shahidi?"

Mama Funguo hakuwa na haraka tena. Alisema mwanamke yule alishuka basi akaja mpaka kwenye kile chumba cha kinyozi, kwa kuwa ndiko alikoelekezwa siku nyingi, na simu aliyoipiga haikuita. Hospitali wakasema ni presha ya macho, apasuliwe upesi, haingoji. Akakataa katakata. Hapasuliwi macho mwanawe hayupo.

Akausukuma mlango.

Mwanamke aliyekaa kitandani alisikia pumzi, akaijua. Akageuka, akatabasamu, lakini tabasamu lilikwenda pembeni, kwenye ukuta.

Kiti kimoja. Kioo kimoja. Mashine mbili. Laini ya simu. Na macho mawili.