Miko Isiyofanana

Hyasinta alikuwa amefumba macho. Alishika mwiko wa mbao, akaupapasa mpini wake toka juu hadi chini, akauweka pembeni. Kisha akachukua wa chuma, nao akaupapasa vilevile. Ng'ambo ya mtaa, nyuma ya mabegi yaliyoning'inizwa, Mwinyimvua alimchungulia.

Tangu lini mwiko wa kukorogea rangi ukachaguliwa kwa kufumba macho? Unautazama ubapa wake kama umenyooka, unaukunja kidogo uone kama unarudi, basi. Wa mbao huugusi kabisa, maana mbao hunywa rangi, na rangi ya jana ikaja kukuharibia ya leo. Hyasinta aliyajua yote hayo. Mwinyimvua ndiye aliyemfundisha, katika ofisi yake ya kuprinti fulana hapohapo Kariakoo.

Halafu, mtu aliyeaga kwamba Jumatatu anaenda Masasi kumuuguza mama yake, miko ya rangi ya nini?

Alinunua minne, hakuna uliofanana na mwenzake. Alipotokomea, Mwinyimvua akavuka.

"Shikamoo, mzee," alisema Nayna, mwenye duka.

"Marahaba. Yule binti wangu kanunua miko ya nani?"

Nayna akajifanya anapanga bisibisi. "Muulize mwenyewe, mzee wangu. Mimi kaniambia nisikwambie."

Basi! Ugonjwa wa mama ulikuwa danganya toto. Binti anahamia kwa Kitwana wa Msimbazi, mprinti mwenzake, yule mwenye maneno ya asali, ambaye tangu mwaka jana hakuisha kumsifia Hyasinta mbele za watu. Mwinyimvua alirudi ofisini.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mechi ya Simba na Yanga. Mezani zilimsubiri oda za matawi mawili ya mashabiki, fulana mia mbili za huku na mia mbili za kule, na pande zote mbili zilikuwa za watu wasiotaka utani na jezi zao. Hyasinta akiondoka, nani atakoroga?

Maana Mwinyimvua mwenyewe hakorogi. Bosi hakorogi, ndivyo alivyozoea kusema. Yeye husimama nyuma ya msaidizi kama msimamizi wa mtihani, akauliza, "Hii umekoroga nini?" Akishajibiwa, hukunja uso, akatamka "Imekolea" au "Ongeza kidogo", na watu wakamwogopa kwa ujuzi wake. Wasaidizi wengine walidumu miezi tu, akawafukuza kwa visa vidogovidogo. Hyasinta alikuwa na mwaka wa sita. Bila yeye ofisi ingefungwa, Mwinyimvua alilijua hilo fika, ila hakumwambia mtu, hata mkewe.

Usiku ule hakupata lepe la usingizi. Asubuhi alimkuta Hyasinta amewahi, makopo manne ya rangi yako wazi mbele yake, kila moja limechomekwa mwiko mpya.

"Miko hii unaijaribu kwangu kabla hujaipeleka kwa Kitwana?"

"Kitwana?" Hyasinta alicheka. Alipouona uso wa mzee, kicheko kikamkauka. "Baba, mimi niende kwa Kitwana kufanya nini?"

"Usinizunguke. Nilikuona dukani kwa Nayna."

Hyasinta hakubisha. Alikwenda akafunga mlango, akarudi, akamshika mzee kiganja na kukiweka juu ya mpini wa kwanza.

"Huu wa mbao ni nyekundu. Huu wa chuma, sikia ulivyo wa baridi, ni kijani. Wa plastiki ni njano. Huu niliouzungushia kamba ni nyeupe. Kila mwiko na kopo lake, usiuhamishe hata kwa dakika moja. Ndiyo maana hata wa mbao hautaharibu kitu. Mama akipata nafuu narudi. Mpaka hapo, mkono wako utakwambia."

Mwinyimvua aliuchomoa mkono wake kama aliyeungua. Akautazama mlango, akahakikisha umefungwa, kisha akajikalisha juu ya rundo la fulana.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi peke yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku yangu ya kwanza," alisema Hyasinta. "Uliponiuliza nimekoroga nini, kwa woga nikakosea kuitaja rangi yenyewe. Ukainama juu ya kopo, ukaniambia hujawahi kuona kijani cha Yanga kilichokolea namna ile. Ilikuwa nyekundu ya Simba."