Paa Lililoruka Hadi Nyakisasa

"Hii ni kweli tupu, Mungu ananiona," mzee Novatus, mwalimu mstaafu, alimwapia mwalimu mgeni aliyekuwa ameshafunga mizigo ili aache kazi. "Upepo uling'oa paa la darasa langu ukalipeleka hadi Nyakisasa. Nikaendelea na hesabu za sehemu, na hakuna mtoto aliyetazama juu. Utamu huo wa kufundisha ndio ulionibakiza kazini. Kama nadanganya, kesho nakufundishia kipindi."

"Siku ya upepo ule ulikuwa shambani unavuna maharage," mkewe alisema huku akichambua dagaa. "Kamfundishie."

Asubuhi mzee akaingia darasani, na watoto wakasimama. "Shikamoo mwalimu."

Alichukua chaki. Aliandika theluthi moja, akaongeza nusu. Msichana wa dawati la nyuma alikunja uso, akahesabu kwa vidole, kisha uso ukakunjuka taratibu.

"Kumbe," alisema.

Mzee akaandika nyingine, ngumu zaidi.

Kengele ilipolia, mwalimu mgeni, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, akaingia.

"Kipindi kimekwisha, mzee."

"Niachie na cha pili, mwanangu. Si unaondoka?"

Mwalimu mgeni akanyoosha mkono.

"Naomba chaki, mzee. Hawa ni wanafunzi wangu."